Nassoro na Vijana wa Gia Tatu

Jumatano, mfungo saba, mwezi umefika nusu. Mvua ya masika ilianza alfajiri ikanyesha mpaka jua lilipopanda, kisha ikakatika ghafla, jua likawaka na nyasi zikaanza kutoa mvuke. Siku ya namna hii siipendi. Nyasi kavu husema kitu kikipita ndani yake. Nyasi zilizolowa hunyamaza.

Vijana wangu mnaochukua mifuko ya posta kwa baiskeli baina ya Kivinje na Lindi, haya nawaandikia ninyi. Mmeniuliza mara nyingi, mkiwa mmekaa hapa kwa fundi mkingoja mwenzenu wa upande wa pili afike mbadilishane mifuko: nani alikuwa hodari zaidi, matarishi wa zamani au wa leo? Nami kila mara nimejibu nusu nusu. Mimi si msomi. Nilisoma kiasi cha kutambua Lindi na Liwale juu ya bahasha, basi, na hata hivyo siku moja nilizichanganya. Kwa hiyo mkiona nimekosea pahala, huenda nimekosea kweli. Lakini nitajitahidi nisimwibie mtu haki yake, wa zamani wala wa sasa.

Nianze na wa zamani, maana hawapo kujisemea.

Nassoro ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa tarishi wa kwanza wa baiskeli katika njia hii, Mjerumani alipokwisha kuondoka na Mwingereza akawa bado anauliza njia. Baiskeli yake ilikuwa nzito kama mlango. Pedali zake zilishikana na gurudumu: gurudumu likienda na miguu inakwenda, upende usipende. Kwenye mteremko si wewe uliyekuwa unaendesha baiskeli, ni baiskeli iliyokuwa inaendesha miguu yako. Breki haikuwapo. Ukitaka kusimama ulikaza magoti ukapambana nayo kidogo kidogo, kisha ukaruka pembeni, na kuruka kwenyewe kulikuwa elimu. Tairi likitoboka porini alijaza majani makavu, akafunga kwa kamba ya ukindu, akaendelea. Mimi nimemwona akifika na majani yananing'inia kama ndevu.

Sasa haki ya vijana. Mfuko wa Nassoro ulikuwa mwepesi. Siku zile mtu wa kuandika barua Kivinje alikuwa karani na mwalimu wa chuo, na hao walionana msikitini kila siku, waandikiane nini? Leo kila mkata mkonge ana mama Songea na mke Tunduru, na mke anadai habari. Mifuko yenu ni mizito, na barabara mnayosema ni pana imechimbwa na malori mpaka mchanga umekuwa unga. Nassoro alipita kwenye kinjia kigumu kilichokanyagwa na miguu ya watu. Hilo nalo nalihesabu. Mimi ningeogopa kupanda na mfuko wa Bakari katika mchanga wa leo, hata ningekuwa na goti zima.

Sisi wa katikati tulipewa baiskeli zenye breki na pedali zinazopumzika, na tukazitumia kwa ujinga mwingi. Mwaka wangu wa kwanza nilipaka mnyororo mafuta ya nazi, kwa kuwa yalikuwapo jikoni na yananukia vizuri. Nilifika Mchinga mnyororo umekuwa kashata ya ufuta, ila ufuta wenyewe ni mchanga. Nassoro akautazama akasema, "Umeupika vizuri, sasa utafune." Akanionyesha mafuta ya nyonyo, yaani mbarika, kidogo sana, na kitambaa cha kufutia. Mpaka leo nasema nyonyo, ingawa fundi wetu anasema mafuta ya gari ni bora, na huenda yeye ndiye mwenye haki.

Mengine aliyonifundisha bado yanafaa. Mchangani usishindane, punguza upepo kidogo tairi linenepe, tafuta ukingo ambapo mizizi ya nyasi imeshika. Kwenye udongo mweusi wa bondeni mvua ikinyesha, beba baiskeli kabla haijakataa, maana ikishakataa utabeba na bonde zima. Na kengele usiipige katika nyasi ndefu. "Simba haijui kengele," alikuwa akisema, "atakuja kuuliza. Wewe imba. Sauti ya mtu anaijua." Yeye aliimba kaswida, kwa sauti mbaya kabisa. Neno lake jingine lilikuwa hili: woga ni akiba, usiumalize asubuhi.

Lile neno nimelifikiria leo kutwa, maana mimi wangu niliumaliza kabla ya adhuhuri.

Kijiji chetu kipo upande huu wa mto Mbwemkuru. Kutoka banda la fundi mpaka mtoni ni kipande kifupi, lakini masika nyasi zake humpita mtu kimo, na njia inakuwa kama mstari wa kitana kichwani. Juma hili mbuzi wawili wamechukuliwa pembezoni mwa mashamba, na nyayo za simba zimeonekana kisimani. Akina mama wanakwenda kuteka maji kwa kundi, na mwanamume mmoja nyuma na panga, naye hapendi kuwa nyuma.

Bakari amefika kutoka Kivinje jua likiwa bado halijafika katikati, matope mpaka masikioni. Bakari ni mwana wa dada yangu Somoe. Kwetu Wamwera, mjomba ndiye mwenye mtoto. Likimpata jambo, baba yake atalia, lakini mimi ndiye nitakayeulizwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Habari za Kivinje?"

"Njema, ila Kivinje yenyewe naona nimekuja nayo." Akaanza kukwangua matope kwenye magurudumu.

Fundi wetu wa baiskeli ni Mapunda, Mngoni aliyekuja Lindi kukata mkonge akaoa kwetu akabaki. Mngoni na Mmwera ni watani, kwa ajili ya vita vya babu zetu, kwa hiyo husema apendalo na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Mmwera, umefika?" akasema bila kuinua kichwa. "Nilidhani umeolewa njiani."

"Nilipita kwenu, wakaniambia wewe ndiye uliyeolewa."

"Mbio hizo mnazojivunia tuliwafundisha sisi. Tusingewafukuza, mngejulia wapi kukimbia?"

"Na mlipochoka kutufukuza mkaja kukata mkonge kwa posho," akasema Bakari, watu wakacheka, nami nikacheka.

Lakini Saidi, tarishi wa Lindi, hakuwapo. Kwa desturi Saidi ndiye anayetangulia kufika, maana hulala Mchinga. Humkuta kila mara amejilaza kwenye kivuli cha banda, kofia usoni, na akiulizwa husema Kivinje ni mbali sana kwa watu wanaopenda usingizi. Leo kivuli kilikuwa kitupu. Tukasema mvua imemchelewesha. Tukasema mto umejaa, mwenye mtumbwi hataki kuvusha. Tukaswali adhuhuri. Kivuli cha banda kikahama upande wa pili, Saidi hakuonekana, na hakuna tena aliyesema mvua.

Hapo ndipo Mapunda aliposema neno lake. Nataka nimtendee haki. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtani, na nadhani alisema kwa kuwa naye ameanza kuogopa, na wengine wakiogopa hunyamaza, wengine huchokoza.

"Basi hii ndiyo bahati yako, Mmwera. Nassoro wenu siku ile si vivyo hivyo? Mwenzake wa Lindi hakuja, yeye akaunganisha moja kwa moja, Kivinje mpaka Lindi kwa jua moja. Na chuma kile. Wewe una gia tatu na taa ya dainamo. Au gia ni za kutuonyesha sisi?"

Bakari akaacha kukwangua matope. Vijana wengine wawili waliokuwa pale wakamtazama. Habari ya Nassoro kuingia Lindi kwa jua moja hakuna asiyeijua katika njia hii. Kina mama wa Lindi waliitungia wimbo wakaipigia vigelegele. Kila tarishi aliyekuja baada yake amepimwa kwayo, na hakuna aliyeifikia, mimi nikiwa wa kwanza kutoifikia.

"Mjomba," akasema Bakari, "wewe ulikuwapo Lindi siku ile. Ni kweli alifika kwa jua moja?"

Vijana wangu, nilikaa na swali lile mdomoni kama mwiba wa samaki. Nikisema si kweli, nimesema uongo, tena nimemsingizia marehemu aliyenilea kazini. Nikisema ni kweli nikanyamaza hapo, mtoto wa Somoe angepanda baiskeli ile saa ile aingie nyasini peke yake. Nilimwona tayari anapima upepo wa tairi kwa kidole gumba. Na ukweli wote nilipewa na Nassoro mwenyewe alipokuwa mgonjwa, hakunikataza kuusema wala hakuniruhusu. Sijui mpaka sasa kama nilitenda sawa. Nilisema.

"Ni kweli alifika," nikamwambia. "Nilikuwa mpya, nafagia uwanja wa posta. Jua lilikuwa linataka kuzama. Akaja anakwenda kasi, tukamshangilia, akatupita. Hakusimama. Alikwenda mpaka akaingia kwenye ua wa miti akaanguka humo na baiskeli juu yake. Tulicheka sana. Bwana mkubwa alitoka akampa mkono, akampa na blanketi. Yeye alikuwa anatetemeka tu, tukadhani ni uchovu."

"Si nilisema," akasema Mapunda.

"Ngoja. Mwenzake wa Lindi siku zile aliitwa Hamisi. Nassoro alimngoja hapa hapa, hakuja. Wakati ule ilikuwa desturi mwenzio akichelewa unakwenda kumpokea njiani, kama unavyompokea mgeni. Akaenda kumpokea. Humo nyasini, kabla ya mto, aliikuta baiskeli ya Hamisi imelala katikati ya njia, na mfuko kando yake. Hamisi hayupo. Nyasi upande mmoja zimelazwa, kama kitu kimeburutwa."

Mapunda aliweka chini spana yake.

"Alisimama?" akauliza Bakari.

"Hakusimama. Baiskeli ile ilikuwa haina kusimama ila kwa kuruka chini, na yeye aliogopa kuweka mguu chini. Ndivyo alivyoniambia. Hakuweza kugeuza, maana kugeuza mchangani lazima ushuke. Akazunguka baiskeli ya mwenzake, akapita. Mtoni mwenye mtumbwi aliidaka baiskeli akamvusha akiwa amekaa juu ya tandiko, ameshika mti uliosimikwa mtumbwini, hakushuka hata mle. Ng'ambo akasukumwa akaanza tena. Mchinga hakushuka. Mpaka Lindi hakushuka. Mnasema alikwenda kasi. Hakwenda kasi, vijana, alishindwa kushuka."

"Na Hamisi?" akauliza kijana mmoja.

"Kesho yake watu wa hapa walikwenda kwa wingi, wakazika walichokikuta. Kama alikuwa bado hai Nassoro alipopita, Nassoro hakujua. Mimi pia sijui, na sitaki mtu aseme anajua. Aliniambia hakuita hata jina. Alitaka kuita, sauti haikutoka. Kila walipoimba ule wimbo aliondoka arusini. Neno lake la mwisho kwangu juu ya jambo hili lilikuwa: ile safari msinihesabie."

Sasa nikaogopa nimefanya vibaya zaidi. Nimemvua marehemu nguo mbele ya watoto. Na huenda Bakari naye ataona kwamba njia ya heshima ni kwenda kufanya alichoshindwa Nassoro, peke yake. Ujana una hesabu zake.

Bakari alikuwa ameshika pedali kwa mkono anairudisha nyuma taratibu, tik, tik, tik, kama zinavyolia baiskeli zenu hizi.

"Mimi namhurumia," akasema mwisho. "Kushuka ni kugumu hata kwa breki." Kisha akaiegemeza baiskeli kwenye banda, akaufungua mfuko wa posta kutoka kwenye karia akanipa mimi nishike. "Mtani, una mkuki?"

"Mngoni umuulize mkuki?" akasema Mapunda, lakini sauti yake haikuwa ya utani.

"Basi vaa shati. Ulisema babu zako walitufukuza. Leo utangulie mbele, tukufukuze sisi."

Wakakusanyika watu, zaidi ya nilivyotarajia: wenye mikuki, mapanga, mashoka, madebe ya kupiga, na mzee mmoja na tarumbeta la ngoma. Hakuna aliyepanda baiskeli. Wakaingia nyasini kwa miguu, Mapunda mbele na Bakari ubavuni mwake, anaita, "Saidi! Ee, Saidi!" Goti langu haliniruhusu, nikabaki na mfuko magotini kama bibi aliyeachiwa mjukuu.

Niwaambie woga ni nini. Woga si madebe kulia. Madebe yakilia unajua watu wako wapo. Yalikuwa yakilia, yakisogea mbali, na sauti ya Bakari ikiita juu yake, kisha yakanyamaza yote kwa pamoja. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama. Nyasi zilikuwa zinametameta jua, hata unyasi mmoja hautikisiki. Somoe alikuja kutoka shambani, amekwisha kusikia, akasimama mbele yangu na jembe begani. Hakuniuliza kitu. Angeniuliza ningeona nafuu. Akakaa chini kwenye kivuli pale anapolala Saidi, tukatazama njia wote wawili. Nilijaribu kusoma dua, nikaona naurudia mstari mmoja tu.

Alasiri ilipita hivyo.

Aliyetoka kwanza nyasini ni Mapunda, anatembea kinyumenyume, mkuki ameuelekeza walikotoka. Nyuma yake watu. Nikamtafuta Bakari simwoni, na Somoe akainuka akatupa jembe. Kisha nikaona gurudumu. Bakari alikuwa anasukuma baiskeli ya Saidi, mfuko wa Lindi juu ya karia, na Saidi mwenyewe amepakiwa juu ya tandiko, miguu inaning'inia, watu wawili wamemshika. Uso wake umevimba kama mkate wa kumimina.

"Alikuwa juu ya mkorosho," akasema Bakari. "Tulinyamaza tumsikie. Alikuwa anaitika kidogo sana."

"Tangu asubuhi," akasema Saidi kwa midomo iliyovimba. "Simba alilala njiani, ananitazama tu. Nikaacha baiskeli nikapanda na mfuko. Baadaye akaondoka zake, lakini nani amwamini? Na juu ya mkorosho wamejaa chungu majimoto. Simba kaondoka mapema, hao chungu hawakuondoka."

Watu wakaanza kucheka, ile ya kuteremsha moyo, wengine wakakaa chini kwa kucheka. Somoe hakucheka. Alimshika mwanawe sikio, akalivuta mpaka akainama, akaliacha, akachukua jembe lake akaenda.

Mapunda akapata sauti yake tena. "Mzee, wewe unayependa kuandika, andika. Tarishi wa gia tatu ametoka hapa adhuhuri, ametumia mchana kutwa kwenda na kurudi hata mtoni hajafika, tena kwa miguu. Kobe angekuwa Lindi anakunywa chai."

"Andika, mjomba," akasema Bakari. "Andika na nani alitembea kinyumenyume."

Nimeandika. Mliniuliza nani alikuwa hodari zaidi, na nimejaribu kupima pande zote, chuma na mfuko, kinjia na mchanga. Nassoro alinifundisha kila nilichojua barabarani, na alikuwa na miguu ambayo sijaona tena, na siku ile nisingefanya zaidi yake, pengine ningefanya pungufu. Hilo naliapia. Lakini mkinilazimisha kusema safari ipi niihesabu katika njia hii, nitahesabu ya leo, ambayo haikufika popote. Mimi naweza kuwa nimekosea. Ni mpwa wangu, na mjomba si mwamuzi mwema.

Simba hajapatikana. Nyayo zake walizikuta zimegeukia huku, upande wa kijiji. Kesho mifuko lazima iende, wa Kivinje kusini na wa Lindi kaskazini, na Bakari na Saidi wamekwisha kukubaliana na watu wa kuwasindikiza mpaka nyasi zitakapokwisha. Nitayasikiliza tena madebe.

Jioni tumekula ndani, mlango umezibwa kwa kinu, joto lote limebaki na sisi. Mke wangu alipika ugali wa bada na mchuzi wa samaki wa ng'onda kwa nazi, na kisamvu kilichobaki jana. Mapunda alikula kwetu, akasema chakula cha Wamwera hakina chumvi, akaongezewa mara mbili. Bakari alisinzia na tonge mkononi. Saidi alikula amesimama, kwa ajili ya majimoto.